Kwa nini Barzilai hakwenda Yerusalemu

Kila inapofika ibada ya kuwaombea wazee katika usharika wetu, aya inayosomwa huwa ni ile ile ya Mithali 16:31, kwamba kichwa chenye mvi ni taji ya utukufu, na mara nyingi msomaji huishia hapo bila kulifikia sharti lililo mwishoni: “kama kikionekana katika njia ya haki.” Aya hiyo ni nzuri, nami siikatai. Lakini tangu nilipostaafu ualimu na kuanza kuisoma Biblia kama mtu ambaye uzee unamhusu yeye mwenyewe, wala si babu zake tu, nimeona kwamba Maandiko yana mengi ya kusema kuhusu umri zaidi ya hiyo taji, na kwamba sehemu kubwa ya hayo ni mambo ya nyumbani kabisa: chakula, macho, masikio, mirathi, na nani atamshika nani mkono wakati wa kuvuka mto.

Mtu ninayemrudia mara kwa mara ni Barzilai, Mgileadi wa Rogelimu, ambaye wahubiri humpita kwa sababu habari zake zimekaa katikati ya vita vya Absalomu dhidi ya baba yake, mfalme Daudi, na zinafunikwa na kilio cha mfalme juu ya mwanawe. Daudi alikuwa amekimbia Yerusalemu, akavuka Yordani, akafika Mahanaimu akiwa na watu wenye njaa na kiu. Hapo wakatokea watu watatu, Shobi mwana wa Nahashi, Makiri mwana wa Amieli, na huyu Barzilai, wakaleta vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, bisi, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Mwandishi wa Samweli wa Pili amevitaja vitu hivyo kimoja kimoja, na mimi napenda kwamba vitanda ndivyo vilivyotajwa kwanza, maana mtu aliyekimbizwa na mtoto wake mwenyewe huhitaji mahali pa kulala kabla hajahitaji maneno ya kumfariji.

Vita vilipokwisha na mfalme akawa anarudi kwenye kiti chake, Barzilai alishuka kutoka Rogelimu ili amsindikize kuvuka mto. Alikuwa na umri wa miaka 80. Daudi akamwalika waende wote Yerusalemu, akamwahidi kumtunza huko. Mwaliko kama huo ni watu wachache sana wanaoupata, na wachache zaidi wanaoukataa. Barzilai aliukataa, na sababu alizozitoa, katika sura ya 19, ni miongoni mwa maneno ya kweli kabisa ambayo nimewahi kuyasoma kuhusu uzee. Aliuliza amebakiwa na miaka mingapi hata apande na mfalme mpaka Yerusalemu. Alisema hawezi tena kuonja ladha ya anachokula wala anachokunywa, na kwamba sauti za waimbaji, wanaume kwa wanawake, haziwezi kumfaidia kitu. Aliuliza kwa nini awe mzigo kwa bwana wake mfalme. Aliahidi kumsindikiza kipande kidogo tu ng'ambo ya Yordani, kisha akaomba arudi akafie katika mji wake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake.

Sioni malalamiko katika maneno hayo, wala sioni unyonge. Barzilai anasema kuhusu ulimi wake na masikio yake kwa sauti ile ile ambayo mkulima angeitumia kusema kwamba mvua za mwaka huu zimekatika mapema. Anajua jumba la mfalme lina nini: meza na muziki. Anajua pia kwamba vitu hivyo viwili ndivyo hasa ambavyo mwili wake umekwisha kuviaga. Kwa hiyo hauchukui mwaliko kwa ajili ya kuonekana, wala haukatai kwa unyenyekevu wa kujifanya. Anaupima kwa mwili alio nao leo, na si kwa mwili aliokuwa nao akiwa na miaka 50.

Nimeisoma sura hiyo nyumbani kwetu kwa sababu mahususi. Mama yangu, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akilalamika kila siku kwamba mboga hazina chumvi, na wakwe zake walikuwa wakilichukulia lalamiko hilo kama dharau kwa mapishi yao. Kumbe ulimi wa mzee mara nyingi hupungukiwa na uwezo wa kuonja, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza tatizo hilo, wakati huo huo daktari amekwisha kuagiza chumvi ipunguzwe. Tulipoyasoma maneno ya Barzilai pamoja, ugomvi ulipungua, na mmoja wa wakwe akaanza kutia ndimu, tangawizi na kitunguu saumu badala ya kubishana. Sisemi kwamba Samweli wa Pili ni kitabu cha upishi. Nasema tu kwamba mtu aliyeyaandika hayo alikuwa amekaa na wazee akawasikiliza.

Sehemu ya pili ya jibu lake ndiyo inayonigusa zaidi. Barzilai hakuukataa mwaliko akauacha uanguke chini. Alimtaja Kimhamu, ambaye wengi humwona kuwa mwanawe, akamwomba mfalme amchukue huyo na kumtendea atakavyoona vema. Daudi akakubali, akambusu mzee, akambariki, naye akarudi kwake. Miaka mingi baadaye, Daudi akiwa kitandani karibu na kufa, alimwagiza Sulemani awatendee fadhili wana wa Barzilai na kuwaweka miongoni mwa wale wanaokula mezani pake (1 Wafalme 2:7). Na katika kitabu cha Yeremia, baada ya Yerusalemu kubomolewa na Wababeli, panatajwa mahali karibu na Bethlehemu palipobeba jina la Kimhamu, na wafasiri wengi huona hapo alama ya ardhi aliyopewa kijana huyo kutoka katika nyumba ya Daudi. Mzee alirudi Rogelimu, lakini nafasi aliyoiacha ilijazwa na mtu wa umri wa kuifaidi.

Naona ni haki kumtaja Kalebu hapa, kwa sababu wapo wazee ambao wakisikia habari za Barzilai hudhani wanaambiwa wakae chini wangoje mauti. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua akamwambia kwamba nguvu zake ni zile zile za siku Musa alipomtuma kuipeleleza nchi, kisha akaomba apewe mlima, wenye Waanaki, watu warefu wa kutisha, na miji yenye ngome (Yoshua 14). Akapewa Hebroni. Musa mwenyewe alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao kwa mara ya kwanza, jambo linalochekesha kidogo ukikumbuka kwamba Zaburi ya 90, ambayo mapokeo yanaipa jina lake, ndiyo inayosema siku za miaka yetu ni miaka 70, na ikiwa tuna nguvu, miaka 80. Biblia haina kipimo kimoja cha mzee. Mmoja anaomba mlima na mwingine anakataa jumba la kifalme, na wote wawili wamesema kweli kuhusu miili yao. Anayeharibu ni yule mwenye mwili wa Barzilai anayeomba mlima wa Kalebu, na pengine pia yule mwenye mwili wa Kalebu anayejilaza kitandani kwa kuwa amepewa kadi ya mstaafu.

Kuhusu mwili wenyewe, sura ya 12 ya Mhubiri haimfichi mtu kitu. Tangu zamani, walimu wa Kiyahudi na baadaye wa Kikristo wameisoma sehemu yake ya kwanza kama picha ya mwili unaochakaa, iliyochorwa kwa mfano wa nyumba: walinzi wa nyumba wanaotetemeka ni mikono, wenye nguvu wanaojiinamisha ni miguu, wasagao wanaokoma kwa kuwa ni haba ni meno, na wachunguliao madirishani wanaotiwa giza ni macho. Kisha kuna mtu anayeshtushwa na sauti ya ndege alfajiri, kuna hofu ya mahali palipoinuka na vitisho vya njiani, kuna mlozi unaochanua maua meupe. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mzee kwenye kliniki ya macho kwa ajili ya mtoto wa jicho, au aliyemwona akisimama mbele ya ngazi za benki akizipima kwa fimbo kabla ya kupanda, anaijua sura hiyo hata kama hajawahi kuifungua.

Wengi hawalitii maanani jambo moja, kwamba maneno hayo hayakuandikiwa wazee. Yanaanza hivi: “Mkumbuke Muumba wako siku za ujana wako, kabla hazijaja siku zilizo mbaya.” Mhubiri anazungumza na mtu ambaye bado meno yake ni kamili. Anamwambia mazoea ya imani yajengwe wakati macho yanasoma na magoti yanakunjika, kwa sababu mtu hujifunza kuomba kwa shida akianzia kitandani. Nimewaona wazee wasioweza kusoma tena hata herufi kubwa, ambao bado wanaishi kwa zaburi walizozikariri katika darasa la kipaimara. Nimewaona pia waliosema watamtafuta Mungu wakistaafu, na walipostaafu wakamkuta kikokotoo cha pensheni, mirathi, sukari na presha wamewahi kufika kabla yao.

Hapo nafika kwenye kustaafu, ambako ndiko ninakotaka kukaa kidogo. Katika utumishi wa umma wa Tanzania, mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Walawi walikuwa na utaratibu mkali zaidi. Kwa mujibu wa Hesabu sura ya 8, waliingia kazini wakiwa na miaka 25 na kuacha kazi hiyo wakiwa na miaka 50, na tukikumbuka kwamba kazi yenyewe ilihusu kubeba vitu vya hema ya kukutania jangwani, mbao na nguzo na mapazia mazito, sababu inaonekana. Hata hivyo sheria haikuwafukuza. Inasema baada ya umri huo watahudumu pamoja na ndugu zao, wakilinda, ila wasifanye tena ile kazi. Ni mpango wa busara kupita mingi tuliyo nayo katika makanisa yetu, kwa kuwa unatenganisha kuwapo na kushika madaraka. Mlawi wa miaka 60 alikuwa mlangoni, anaonekana, anaulizwa, lakini mzigo ulikuwa mabegani mwa mwingine.

Katika sharika nyingi mambo huenda kinyume. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi amekuwa mwenyekiti tangu msingi ulipochimbwa, na jengo limekwisha kuezekwa, na rangi yake imekwisha kupauka. Hakuna anayethubutu kumwambia, kwa sababu ni mzee wetu na amefanya mengi. Mhubiri 4:13 inathubutu: heri kijana maskini mwenye hekima kuliko mfalme mzee mpumbavu ambaye hajui tena kupokea maonyo. Angalieni kwamba kosa lililotajwa hapo si umri. Kosa ni kwamba aliwahi kujua kupokea maonyo, na sasa hajui tena. Samweli, nabii mkubwa kiasi kile, alipokuwa mzee aliwaweka wanawe kuwa waamuzi kule Beer-sheba, nao wakala rushwa, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameletwa hekaluni akiwa mtoto, akayaona matokeo ya wana waovu wa kuhani Eli. Mtu mwema anaweza kuzeeka vibaya katika jambo moja.

Daudi pia. Sura ya kwanza ya Wafalme inaanza na mfalme aliyefunikwa nguo na bado hapati moto, na wakati yeye akitetemeka kitandani, mwanawe Adoniya anajitengenezea magari na wapanda farasi, anafanya karamu, anajitangaza kuwa mfalme. Chanzo cha mtafaruku ule ni rahisi. Daudi alikuwa amemwapia Bathsheba kwamba Sulemani ndiye atakayetawala, lakini kiapo kile kilikuwa kati ya mume na mke, na taifa halikukisikia. Ilibidi nabii Nathani na Bathsheba waingie chumbani mmoja baada ya mwingine ili mzee aseme hadharani jambo ambalo angelisema miaka mingi nyuma, akiwa bado na sauti ya kulisema. Adoniya hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Naomba msomaji aliye na shamba, nyumba au hata kiwanja kimoja aisome sura hiyo kama habari ya mtaani kwake. Nimekaa katika vikao vya ukoo ambako kila mtoto ana neno aliloambiwa na marehemu wakiwa wawili tu, na maneno hayo hayapatani. Mzee alimwahidi huyu akiwa amefurahi, akamwahidi yule akiwa mgonjwa, na hakuandika popote. Ahadi ya chumbani haimsaidii mjane mbele ya shemeji zake. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa kama sheria inavyotaka, na kusomwa wazi wazi kwa watoto wakati mwenyewe yu hai na anaweza kuulizwa swali, ungewaepusha na mahakama ya mwanzo na kuwaachia nguvu za kuomboleza. Wapo wanaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Zaburi ya 90 inaomba kinyume cha hofu hiyo: “Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima.” Anayehesabu siku zake hazifupishi.

Kwa upande wa vijana, tuna methali yetu kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwa kiasi kikubwa Biblia inakubaliana nayo. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliwaacha wazee waliomshauri awatumikie watu na kusema nao kwa upole, akafuata shauri la vijana waliokua pamoja naye, na makabila 10 yakamtoka. Tukumbuke tu kwamba alikuwa na miaka 41 alipotawazwa, kwa hiyo hao “vijana” hawakuwa watoto wa shule. Lakini Biblia hiyo hiyo inacho kitabu cha Ayubu, ambamo wenye mvi ndio wanaozungumza sura baada ya sura na kumwumiza mtu aliyekwisha kuumia, hadi Elihu, mdogo kuliko wote, anaposema kwamba si wakuu walio wenye akili. Mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawaambia wale rafiki watatu kwamba hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo umri humpa mtu haki ya kusikilizwa, na kilichosemwa hubaki cha kupimwa.

Haki hiyo ya kusikilizwa, na kabla yake haki ya kuishi kwa amani, ndiyo inayonipeleka kwenye aya ambayo ningependa isomwe kwa sauti katika kila kanisa la Usukumani na la Kilifi. Mambo ya Walawi 19:32 inasema: “Mwondokee mtu mwenye mvi, heshimu uso wa huyo mzee, nawe umche Mungu wako, mimi ndimi BWANA.” Kumwondokea maana yake ni kusimama anapofika, na katika mazingira yetu tunaweza kulitii neno hilo ndani ya daladala kabla hatujafika kanisani. Lakini tazameni aya iliyotangulia, ya 31: inakataza kuwaendea wenye pepo wa utambuzi na wachawi. Amri hizo mbili zimekaa bega kwa bega.

Kanda ya Ziwa, akina bibi wameuawa kwa mapanga kwa sababu mpiga ramli chonganishi aliwataja, na alama iliyotumiwa mara nyingi ni macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa jikoni, wa kuni na samadi ya ng'ombe, miaka yote waliyowapikia watu wale wale wanaowashtaki. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wazee wameshambuliwa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi yao wamefikia kupaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Mithali inaziita taji, na mwenye taji anazificha ili asiuawe. Nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi kuna kipande cha ardhi ambacho mtu anakitaka. Mkristo anayekwenda kwa mganga siku ya Jumamosi kuuliza nani amemroga ng'ombe wake, na Jumapili akasimama kuimba, amevunja aya ya 31 na yumo njiani kuvunja ya 32, hata kama mkono wake haujashika panga.

Yapo pia matendo ya kuwatupa wazee yasiyo na damu. Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo katika Marko sura ya 7 kwa desturi ya Korbani, ambayo kwayo mtu aliweza kusema kwamba mali ambayo ingewafaa wazazi wake ameiweka wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawajibiki kwao tena. Sioni tofauti kubwa kati ya mtu yule na mwenzetu anayetoa ahadi nono ya jengo mbele ya usharika mzima, makofi yakapigwa, wakati mama yake kijijini ananunua dawa za presha nusu dozi kwa nusu dozi. Paulo alimwandikia Timotheo bila kuzungusha maneno kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Aya hiyo hatuisomi siku ya harambee, na naijua sababu.

Serikali zetu zina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Zanzibar ilianzisha mwaka 2016 pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi. Ni hatua za heshima. Hata hivyo, fedha ya mwezi haimwulizi mzee amelalaje.

Na usiku ndio wakati mrefu wa mzee. Imani inapojaribiwa katika umri huu, mara nyingi hujaribiwa saa tisa za usiku, viungo vikiuma na majina ya marehemu yakipita mmoja mmoja. Kwa saa hizo nimepata msaada mkubwa katika Zaburi ya 71, ambayo haina jina la mtunzi juu yake, kwa hiyo kila mzee anaweza kuifanya yake. Anayeomba humo hajifanyi jasiri. Anasema wazi anachokiogopa: “Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache.” Anakumbuka kwamba amemtegemea Mungu tangu ujana, tena tangu tumboni mwa mama yake. Halafu, katika aya ya 18, anatoa sababu ya kutaka kuendelea kuwapo, nayo haihusu starehe yake hata kidogo: anataka abaki hadi awaeleze watu wa kizazi hiki nguvu za Mungu. Bado ana kazi, na kazi yenyewe ni kusimulia, ambayo haihitaji magoti wala meno.

Isaya 46 inalijibu ombi hilo kwa namna ambayo sikuiona hadi nilipoisoma sura nzima badala ya aya moja. Inaanza na Beli na Nebo, miungu ya Babeli, ikipakiwa juu ya wanyama waliochoka, yaani miungu inayobebwa na watu wake wakati wa kukimbia. Kisha Mungu wa Israeli anasema kwamba yeye ndiye anayewabeba watu wake tangu tumboni, na hata wakati wa mvi atawachukua. Mtu ambaye watoto wake wanamgeuza kitandani na kumwogesha huiona aibu ya kubebwa. Petro aliambiwa mapema kabisa, katika Yohana 21:18, kwamba akiwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akiwa mzee atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga. Yohana anaeleza kwamba maneno hayo yalihusu kifo ambacho Petro angemtukuza Mungu kwacho, na sitaki kuyaondoa mahali pake. Ila mlezi yeyote wa mzee anaijua ile mikono inayonyoshwa ili ivalishwe shati.

Tunapokwenda katika jumuiya yetu kuwatembelea wasioweza tena kufika kanisani, siku hizi tunaanza na Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Mapokeo ya kanisa yanamweka Paulo gerezani Rumi alipouandika, akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Amekwisha kusema kwamba amevipiga vita vilivyo vizuri na mwendo ameumaliza, na wengi wetu tungeukomesha waraka hapo. Yeye anaendelea. Anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Anaomba Timotheo afanye bidii aje kabla ya majira ya baridi. Anaomba aletewe Marko, yule yule ambaye zamani alikataa katakata kusafiri naye hata akaachana na Barnaba kwa ajili yake, na sasa anasema kwamba anamfaa. Baada ya kusoma hapo huwa tunamwuliza mwenyeji wetu maswali ya namna hiyo hiyo: kama blanketi linatosha, kama anahitaji miwani au Biblia ya herufi kubwa au mtu wa kumsomea, na kama kuna mtu ambaye angependa tukamwite. Swali hilo la mwisho ndilo linalochukua muda mrefu kujibiwa, na tukishapewa jina, mmoja wetu huondoka na namba ya simu.